Volti 12 zinazozaa 86: kuitafuta rezonansi kwa choki ya tyubulaiti

Mtoto wa kaka yangu anasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), kidato cha tano. Likizo ya Desemba alikuja kwangu Unga Limited, Arusha, na begi la nguo na daftari la fizikia, na siku ya pili tu akaniletea lile daftari karakana. "Shangazi, hii nimeikariri, lakini sijawahi kuiona inafanya kitu." Ilikuwa fomula ya rezonansi, ule mwendo ambao koili na kapasita zinapatana: frikwensi ni sawa na moja gawanya kwa pai mbili mara kipeuo cha pili cha L mara C. L ni ya koili, C ni ya kapasita.

Mimi ni msukaji wa mota. Pampu za visima, mapangaboi, mota za mashine za kusaga. Baba alinikalisha kwenye meza hii nikiwa na miaka 16 na sijainuka. Hesabu za daftari lake nyingi zimeshanipita, ila hicho kitu chenyewe nakitumia karibu kila wiki. Nikamwambia, funga daftari, nenda kwenye lile boksi chini ya dirisha, niletee choki.

Nawe ukitaka kuiona kwa macho, fanya kama tulivyofanya sisi.

Choki ninayosema, ambayo ndiyo koili yetu, ni ile ya chuma, nzito kama tofali dogo, ya taa ndefu za tyubu. Siyo ile nyepesi ya kielektroniki. Tangu watu wahamie kwenye LED, wauza skrepa wanazo mpaka wanazipangia mlango usifunge. Yetu imeandikwa wati 36/40, volti 230, hezi 50, ampia 0.43. Kabla ya yote ipime ukinzani kwa mita: yetu ilisoma omu 32. Ikisoma sifuri au isipopitisha kabisa, chukua nyingine.

Transfoma iwe ya volti 12, ampia 1, ya chuma na waya, yenye nyaya za kuingilia na za kutokea zilizotengana kabisa. Chaja ya simu haifai, adapta nyepesi ya kisasa haifai, kwa sababu hizo zinatoa umeme mnyoofu na sisi tunataka ule unaogeuka. Redio kubwa za zamani na ampulifaya zilizokufa zinakuwa na transfoma nzuri ndani.

Kapasita ndiyo sehemu ambayo watu hukosea. Chukua za pangaboi na za pampu: yale maboksi meusi ya plastiki ya maikrofaradi 1.5, 2.5, 3.5, na mikebe myeupe ya 8, 10, 12. Hakikisha imeandikwa volti 400 au 450 za AC. Zile za mkebe zenye mstari wa alama ya kutoa ubavuni, za ndani ya redio na pawasaplai, usizilete hapa hata kwa utani. Zina upande, na ukizipa umeme unaogeuka zinavimba zinapasuka. Na ile ya kuwashia pampu, nyeusi ya duara yenye namba kubwa kama 100 au 150, nayo iache. Imetengenezwa kufanya kazi sekunde mbili tatu tu, siyo kukaa.

Ongeza rezista moja ya omu 10 wati 5 (ile nyeupe ya saruji), fyuzi ya nusu ampia, konekta za plastiki, na mita. Kama unaweza kupata globu ya tochi ya zamani, ya volti 2.5 ampia 0.3, itafute. Itakufurahisha kuliko mita.

Sasa kufunga. Toa waya mmoja wa transfoma, pitia kwenye fyuzi, ingia choki, toka choki ingia kapasita, toka kapasita ingia rezista, kisha rudi kwenye waya wa pili wa transfoma. Mstari mmoja, hakuna kona. Kila kiungo kiwe ndani ya konekta, pasiwe na waya uliosokotwa kwa vidole ukaachwa wazi.

Hapo nataka nikusimamishe kidogo, maana hapa ndipo nilipopigwa. Nilikuwa na miaka kama 19. Baba alikuwa amefunga vitu hivihivi akaenda kunywa chai, mimi nikaona waya wa kapasita umelegea. Nikasema moyoni, ni volti 12 hizi, hata betri ya pikipiki ni 12. Nikaukamata kwa vidole viwili, mkono wa pili uko kwenye ncha ya choki. Nilijikuta nimekaa sakafuni, na kiwiko kiliuma mpaka jioni. Baba aliporudi hakunipa hata pole. Alichukua mita, akaigusisha kwenye miguu ya kapasita, akanigeuzia nisome. Ilikuwa inakaribia 90.

Kwa hiyo kanuni ya meza yangu ni hii: unafunga ikiwa imezimwa, unaweka ncha za mita kwa klipu ikiwa imezimwa, unawasha, unasoma mikono ikiwa mfukoni, unazima. Ukishazima, kapasita bado inaweza kuwa na chaji, tena inaweza kupita 120 kwa sababu kilele cha wimbi ni kikubwa kuliko namba inayosomwa na mita. Ishushe kwa rezista ya omu 10,000 kwa sekunde chache ndipo ushike. Usiishushe kwa bisibisi kama wanavyofanya vijana wa huku, wanapenda ile cheche.

Tunapima nini? Mkondo. Mita yako iweke kwenye rezista ya omu 10, upande wa volti za AC. Unachosoma kigawe kwa 10, hizo ndizo ampia zinazopita mstari mzima. Angalizo: zile mita ndogo za njano, kipimo chao cha chini cha AC ni 200, kwa hiyo namba ndogo wanazisoma kwa kubahatisha. Azima yenye kipimo cha volti 2 na 20.

Tulianza na kapasita moja ya 2.5. Mita ikasema 0.14. Yaani milliampia 14, karibu na hakuna kitu. Binti akaniangalia kama vile nimemtania. Nikamwambia zima, shusha chaji, ongeza nyingine ya 2.5 ubavuni mwa ile ya kwanza. Kapasita zikiwekwa ubavu kwa ubavu namba zinajumlishwa, hivyo ni 5. Tukapata 0.53. Tukaiondoa moja tukaweka ya 3.5, jumla 6: ikapanda 0.93. Tatu za 2.5, jumla 7.5: ikaruka hadi 2.1. Hapo alikuwa ameshasahau daftari. Tukaweka 8.5, tukitegemea makubwa zaidi, ikashuka 1.9. Kwa 10 ikawa 1.2, kwa 12 ikawa 0.82.

Umeiona? Kapasita inakua lakini mkondo unapanda kisha unashuka. Kama ingekuwa ni suala la kapasita kubwa kupitisha zaidi, usingeshuka. Kilele kiko mahali fulani kati ya 7.5 na 8.5. Nikatoa mkebe wa pampu wa 8, tukapata 2.2.

Sasa toa rezista, weka globu ya tochi mahali pake, zima taa ya chumba. Kwa kapasita ya 5 ni giza tupu. Kwa 8 inawaka. Hata mteja aliyekuwa anangoja feni yake aliinuka akaja kutazama.

Rudisha rezista. Acha kapasita ya 8 na usome kila kitu kimoja kimoja. Transfoma, ambayo ilikuwa 12.6 kabla ya kubebeshwa mzigo, sasa 12 na ushee. Kwenye kapasita: 86. Kwenye choki: 89. Binti akajumlisha kwenye kikokotoo cha simu, 175, akasema shangazi mita yako mbovu. Nikamwambia sasa weka ncha moja mwanzo wa choki na nyingine mwisho wa kapasita, pima zote mbili pamoja. Ikasoma 10.

Hapo ndipo penye siri nzima, na hapataki haraka.

Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 20. Koili ni mkaidi wa mabadiliko: volti yake inafika kileleni robo mzunguko, milisekunde 5, kabla mkondo haujafika. Kapasita ni kinyume, inabidi mkondo upite kwanza ndipo ijae, kwa hiyo volti yake inachelewa milisekunde 5. Moja imetangulia 5, nyingine imechelewa 5, kati yao kuna 10, na 10 ni nusu ya 20. Maana yake ni kwamba wakati choki iko juu kabisa upande wa chanya, kapasita iko chini kabisa upande wa hasi. Hazijumlishiki, zinafutana. Kinachobaki kwenye zile volti 10 ni ukinzani wa choki yenyewe.

Waliokulia huko juu Meru wamewaona wapasua mbao wa msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo na mwingine shimoni. Akivuta huyu, yule anaachia. Mkono wa kila mmoja unakwenda mbali na msumeno unapita na nguvu nyingi, lakini nguvu hiyo inapokezanwa kati yao, haitoki mfukoni mwa mtu wa tatu. Mwenye gogo anawalisha tu kile kinacholiwa na msuguano wa meno ya msumeno. Choki na kapasita ndio hao wawili. Transfoma ni mwenye gogo.

Na hao wapasuaji wana mwendo wao mmoja tu. Ukiwaharakisha au kuwachelewesha, mmoja anavuta mwenzake hajaachia, na msumeno unakwama. Ukibadilisha kapasita ndivyo unavyowaharibia mwendo.

Kama unataka kupiga hesabu bila kurudi kwenye pai na kipeuo kila mara, kariri namba moja: 10.13. Kwa umeme wa hezi 50, henri za koili (kipimo cha ile L) zidisha kwa maikrofaradi za kapasita, jibu likiwa 10.13 mko kwenye rezonansi. Inatoka hapa: 2 mara 3.1416 mara 50 ni 314.16, zidisha kwa yenyewe upate 98,696, gawanya milioni moja kwa hiyo. Basi. Choki yetu ilikubaliana na 8, kwa hiyo 10.13 gawanya kwa 8 ni henri 1.27. Tumepima koili kwa makopo ya feni. Yako inaweza kutofautiana, na kapasita nazo zimeandikwa kuruhusu asilimia 5 juu au chini, kwa hiyo usigombane na tarakimu ya mwisho.

Na kwa nini naiamini 50? Hapa kwetu jioni, mashine za kusaga na za kuchomelea zikiwaka zote, volti zinashuka mpaka taa zinakuwa nyekundu. Lakini frikwensi haichezi hivyo. Mitambo ya Kidatu, Mtera, Nyumba ya Mungu, yote iliyo kwenye gridi inazunguka imeshikana mikono, hakuna mmoja anayekimbia peke yake. Ukifanya jaribio hili jioni, namba zote za volti zitakuwa ndogo, ila kilele kitabaki palepale kwenye 8.

Swali alilouliza binti, na nadhani nawe unalo: tukifunga moja kwa moja kwenye 230? Usifunge. Kwenye rezonansi mstari wetu mzima una ukinzani wa kama omu 58 tu. Gawanya 230 kwa 58, unapata kama ampia 4, na choki imeandikwa 0.43. Kwenye karatasi kapasita ingebeba zaidi ya volti 1,500. Kwa vitendo chuma cha choki kitashiba kabla ya kufika huko, lakini utakachopata ni moshi, kapasita iliyopasuka, na pengine wewe umelala.

Ukikokotoa hizo omu 58 utaona jambo lingine. Choki kwa mita ilikuwa 32, rezista 10, jumla 42. Hizo 16 nyingine ziko wapi? Chache ni za waya wa transfoma, nyingi zinaliwa na chuma cha choki, kinachopata joto kwa kugeuzwageuzwa sumaku mara 100 kwa sekunde. Mita ya omu haiwezi kukuonyesha hilo hata uikodolee macho. Rezonansi inakuonyesha. Liweke hilo akilini, nitalirudia.

Ukishachoka na mstari, zifunge ubavu kwa ubavu: choki na kapasita ya 8 zote zikiwa juu ya transfoma. Tawi la choki linavuta milliampia 31, tawi la kapasita 32, lakini waya unaotoka transfoma unabeba 4 tu. Ule mkondo mwingine unazunguka kati ya wale wawili. Fundi wa taa anaijua hii bila kuijua: ndani ya fremu za tyubu za zamani kulikuwa na kapasita ya kama maikrofaradi 4.5, imefungwa kwenye laivu na nyutro, kazi yake kupunguza mkondo usio na kazi unaopita kwenye nyaya. Haikuwa kwenye rezonansi kamili, ila mantiki ni hiyohiyo.

Redio nayo ni mstari uleule, umepunguzwa tu. Koili ya masafa ya kati ya maikrohenri 240, na ile kapasita ya kuzungusha ya pikofaradi 365. Ukiifunga mpaka mwisho inapatana na kilohezi 538, ukiifungua ikabaki pikofaradi 40 inapanda hadi kama 1,620. Kila kituo kinapita hewani kwa wakati mmoja, ila koili na kapasita zinamwitikia mmoja tu, wengine wote wanapata kile tulichopata kwa kapasita ya 2.5. Ukizungusha nobu ya redio ya mkulima, ndivyo vidole vyako vinavyofanya: kubadilisha kapasita mpaka globu iwake.

Sasa lile nililosema nitalirudia, ambalo ndilo linaloniletea ugali. Mota iliyoungua kabisa haina kesi, unainusa tu. Inayosumbua ni ile ambayo waya mmoja ndani ya koili umegusana na jirani yake, varnishi imetoka. Mita ya omu inasoma karibu sawasawa, mteja anaapa mota ni nzima, unairudisha, baada ya siku tatu anarudi nayo anakudai. Mzunguko uliogusana unakuwa kama transfoma iliyofungwa yenyewe kwa yenyewe, unakula nguvu kimyakimya. Kwenye rezonansi hauwezi kujificha, kwa sababu pale transfoma inalipa tu kile kinacholiwa. Kilele kinainama.

Kwa mota ya fezi tatu natoa rota, ile sehemu inayozunguka, kwanza, maana rota yenyewe ni kama koili iliyofungwa na itakudanganya. Kisha kila fezi naipima peke yake kwa kapasita zilezile, na volti ndogo kulingana na koili. Zile tatu zinatakiwa zifanane. Moja ikipanda kilele kwenye kapasita tofauti na wenzake, au kilele chake kikiwa kifupi, nafungua hiyo. Sihitaji kujua henri zake ni ngapi.

Siku ya mwisho ya likizo binti aliokota choki tano kwenye boksi, akazipanga mezani, akazipima zote mwenyewe. Nne zilipanda kilele kati ya 7.5 na 8.5, zote juu ya volti 2. Ya tano kwa mita ya omu ilikuwa 30, ungesema ni nzima. Kwenye kapasita ya 8 ilitoa 0.4. Akaongeza, akaongeza, kwenye 12 ikafika 0.6 na ikagoma hapo. Globu haikuwaka hata kidogo. Akachukua kalamu ya wino mzito, akaiandikia msalaba mgongoni, akaniuliza kama anaweza kwenda nayo shuleni.

"Nenda nayo," nikamwambia. "Na hiyo nzima moja. Transfoma uirudishe."